Klachi ya Chama

Klachi iliyokwisha kutumika si takataka. Takataka ni fundi anayeirudisha garini bila kuipima. Mutegi alikuwa amewaambia wateja wa kila aina maneno hayo kwa miaka ishirini na sita, na asubuhi hiyo ya Jumatano, akiwa ameinama juu ya meza ya mbao nje ya nyumba yake kando ya barabara ya Ishiara, aliyatimiza kwa mikono yake. Mbele yake ililala flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalofungwa nyuma ya injini. Siku iliyotangulia alikuwa amelibeba hadi Embu, fundi wa mashine ya kerezo akalichonga uso kiasi cha unene wa unywele, na sasa alikuwa akilipitia kwa msasa laini, kisha kwa petroli, kisha kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikichafuka, alichukua kingine. Hakuridhika hadi kitambaa cha tano kiliporudi kama kilivyokwenda.

“Baba Wanja, chai imekuwa maji,” mkewe Ciakuthii alisema akiwa mlangoni mwa jikoni.

“Iache.”

“Kwani hicho chuma kinaolewa leo? Hata mimi sikusuguliwa hivyo siku ya harusi.”

Mutegi alicheka bila kuinua kichwa. “Njoo uone. Lakini usiguse.”

Alisimamisha ukingo wa rula ya chuma juu ya uso wa flaiwili, akainama hadi jicho lake likawa sawa na meza. “Ukiona mwanga ukipita hapa chini, kazi haijaisha.”

Ciakuthii aliinama naye. “Sioni kitu.”

“Basi imeisha.”

Kisha akamwonyesha sahani ya klachi, mviringo mwepesi uliofunikwa bitana ngumu nyeusi pande zote mbili. Alikuwa ameipima kina cha ribiti zinazoishikilia bitana, akaona zimezama zaidi ya milimita moja. Sahani ilikuwa bado na mwaka ndani yake, pengine miwili. Alikuwa ameikwaruza bitana kidogo kwa msasa ili kuondoa ule mng’aro wa uzee, wala hakuitia petroli. Sasa alichovya kijiti cha kiberiti kwenye kopo la grisi, akapaka meno ya katikati ambamo shafti ya giaboksi huingia, halafu akaifuta karibu yote aliyoipaka.

“Mbona unainyima?” Ciakuthii aliuliza.

“Grisi ikizidi hapa katikati, sahani ikizunguka itairusha mpaka huku pembeni. Na huku pembeni ndiko gari lote linakoshikana, Mama Wanja. Injini iko upande huu, magurudumu yako kule. Katikati hakuna bolti wala kamba. Ni huu uso tu umeukumbatia uso wa chuma. Ukikubali, tani nzima inapanda mlima. Ukikataa, huna gari, una kelele.”

Ciakuthii aliutazama uso huo mweusi kwa muda mrefu, kwa heshima ya mtu aliyeonyeshwa mahali ambapo maisha yake yamening’inia. Na kweli yalikuwa yamening’inia hapo. Chama cha wakulima wa ndengu kilikuwa na pikapu tatu na hakikuwa na fundi. Mwenyekiti wake, Ndambiri, alikuwa amemwambia Mutegi mbele ya kamati: tengeneza hii moja, Alhamisi ipande Embu na mzigo, ikipanda, zote tatu ni zako mwaka mzima, isipopanda, kuna gereji Embu. Klachi mpya alikataa kununua. Nyuma ya ghala kulikuwa na pikapu ya nne iliyopinduka miaka miwili iliyopita, akasema, na klachi yake haikuwa na hatia katika ajali hiyo.

Mutegi aliifunika sahani kwa kipande cha shuka safi. Alikuwa na sheria kuhusu jambo hilo, na sheria za Mutegi hazikuwa na mlango wa nyuma: sahani ikishatayarishwa haiguswi tena usoni, hata kwa kitambaa, kwa sababu kitambaa huacha nyuzi na mkono huacha jasho. Huinuliwa kwa kingo, ikaenda moja kwa moja mahali pake. Alinawa, akavaa shati, akaenda kumwita mwenyekiti aje ashuhudie ufungaji.

Ciakuthii alibaki uani peke yake.

Jumapili iliyotangulia, Mchungaji Lennox alikuwa amewaagiza waumini wote wapake mafuta ya upako kila chombo kinachowalisha. Watu walitii. Majembe yalipakwa, na vyerehani, na mizani za sokoni. Mama mmoja alimpaka ng’ombe pembe zote mbili. Ciakuthii, aliyekuwa kiongozi wa maombi ya akina mama, alikuwa ameshazipaka spana za mumewe usiku uleule wa Jumapili. Asubuhi Mutegi alizikuta zinateleza, akazifuta moja moja bila kusema neno, kwa kuwa hakutaka ugomvi na Mungu wala na mkewe. Naye Ciakuthii alimwona akizifuta, akaendelea kuchochea uji.

Lakini spana zilikuwa spana tu. Hapa palikuwa na kile alichokitaja mumewe, mahali gari lote linaposhikana. Ciakuthii aliingia ndani, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, maana aliijua sheria ya mikono michafu. Akarudi na kichupa. Akaifunua shuka. Juu ya bitana nyeusi alichora kwa kidole misalaba minne, mmoja kila robo ya mviringo, huku akiomba kwa Kimbeere, kwa sauti ya chini, kwamba uso huo ukubali. Bitana iliyanywa mafuta kama ardhi ya Mbeere inavyonywa mvua ya kwanza. Alipoifunika tena, hapakuwa na alama yoyote ya kuonekana.

*

Ndambiri alifika saa tano, akaketi kwenye kiti cha plastiki alicholetewa kivulini, akakunja nne. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na upole huo ndio uliofanya maneno yake yaumize.

“Fundi, hii kitu imetoka kwa gari lililokufa. Haitaleta mauti kwa hili?”

“Wewe ndiye uliyesema itoke huko, Mwenyekiti.”

“Nilisema. Lakini fundi wa kweli hukataa. Pale Embu nasikia wanakataa kabisa. Wanakuambia lete mpya ama toka na gari lako.”

Mutegi alinyoosha mkono akachukua spana. Alikuwa chini ya pikapu, na mtu aliye chini ya gari hana heshima ya kutosha kubishana na aliye juu ya kiti. Aliifunga flaiwili, akaifuta tena kwa kitambaa cheupe. Kisha akanyoosha mkono, na Ciakuthii, ambaye siku hiyo alikuwa amekubali kuwa msaidizi wake, akamletea sahani ndani ya shuka. Mutegi aliitoa kwa kingo. Hakuigusa usoni. Hakuwa na sababu ya kuichunguza, kwani aliitayarisha mwenyewe. Aliielekeza kwa kipande cha shafti kuukuu, akafunga presha, kifuniko cha chuma kinachoibana, juu yake, bolti moja upande huu, nyingine upande wa pili, kidogo kidogo kwa kupokezana, ili chuma kisipinde.

“Inachukua muda,” Ndambiri alisema, akitazama saa.

“Ikiharakishwa itachukua muda mrefu zaidi.”

“Haya, haya. Sisi tuliosomea ndengu tunyamaze.”

Kufikia jioni injini iliwaka, gia ziliingia bila kelele, na pikapu tupu ilizunguka soko la Ishiara mara mbili. Mutegi aliposhuka, Ciakuthii alikuwa amesimama penye lango. Hakumwuliza kitu, alitabasamu tu, kama mtu ambaye hakuwahi kuwa na shaka.

*

Alhamisi walipakia magunia kumi na matano ya ndengu. Mutegi aliendesha, Ndambiri akaketi dirishani. Kwa kilomita za kwanza, kwenye tambarare, mwenyekiti alizungumza kwa ukarimu juu ya mwaka utakaokuja: pikapu zote tatu, matairi, labda hata kibanda cha mabati chenye jina la chama.

Mwinuko wa kuelekea Siakago ulipoanza, Mutegi alihisi kabla hajasikia. Alikanyaga mafuta, na injini ikapanda sauti, lakini pikapu haikupanda nayo. Alirudisha gia moja. Injini ilipiga mayowe. Magurudumu yalisonga kama mzee anayeitwa asikotaka kwenda. Kisha ikaja harufu, ile ya bitana inayoungua, na ndani yake harufu nyingine ambayo Mutegi hakuielewa, kama ya jikoni.

“Nini hiyo?” Ndambiri aliuliza.

“Klachi inateleza.”

“Si umeitengeneza jana?”

Pikapu ilisimama. Mutegi aliteremka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Waendesha bodaboda watatu, mashavu yamejaa majani ya muguka, walisimama kuangalia.

“Mzae, hiyo gari inaimba ama inalia?” mmoja aliuliza.

“Inaomba mwili upumzishwe,” mwingine akajibu. “Fundi ni nani? Ni huyu? Si huyu ndiye huwa anatuambia sisi tunaua pikipiki?”

“Ndiye! Mwalimu wa klachi!”

Walicheka hadi mmoja akatema majani yake. Mutegi aliwahi kuwatengenezea wote watatu. Aliwatazama, na alipogeuka alimwona Ndambiri akizungumza kwa simu, mgongo ukiwa umemwelekea. Baada ya nusu saa lori la mtu lilisimama, likakubali kuchukua mzigo. Ndambiri hakumwita “Fundi” tena.

“Wewe, saidia kuhamisha magunia.”

Mutegi, mwenye miaka hamsini na mbili, alibeba magunia ya ndengu mgongoni, moja baada ya jingine, kutoka gari alilolitengeneza hadi gari ambalo hakulitengeneza, huku wale vijana wa bodaboda wakihesabu kwa sauti. Walipofika kumi na tano walipiga makofi.

*

Ijumaa, pikapu ikiwa imeshakokotwa hadi uani, aliishusha giaboksi peke yake. Aliitoa sahani, akaigeuza kwenye mwanga.

Grisi inapozidi, hutoka katikati ikatawanyika kuelekea pembeni kama miale. Hapa meno ya katikati yalikuwa makavu jinsi alivyoyaacha. Lakini pembeni, juu ya bitana iliyoungua, palikuwa na mabaka manne ya kahawia yenye kung’aa kama vanishi. Kila baka lilikuwa na mistari miwili iliyokatana. Aliinusa. Ilikuwa harufu ileile ya jikoni.

“Mama Wanja.”

Ciakuthii alikuja akifuta mikono kwa leso. Mutegi alimwonyesha tu. Mwanamke aliitazama sahani, kisha akaketi chini, pale pale kwenye vumbi.

“Ngai,” alisema. “Niliosha mikono kwanza.”

“Uliosha mikono.”

“Kwa sabuni. Mara mbili.”

“Halafu ukatia mafuta kwenye uso wa klachi.”

“Ulisema hapo ndipo linashikana! Nilifikiri, kama kuna mahali pa kuombea, ni hapo. Ningepaka wapi? Taa?”

Mutegi alitaka kukasirika, na hasira ikakosa mahali pa kushika. Mwanamke huyu alikuwa amemsikiliza. Katika miaka yote ya ndoa yao hapana mtu mwingine aliyewahi kusikiliza maelezo yake kwa makini kiasi hicho, na hayo ndiyo yaliyokuwa matokeo.

“Wameitisha kamati kesho,” alisema hatimaye. “Watauliza ni nini.”

“Nitakuja. Nitasema.”

“Mchungaji Lennox ni mjumbe. Atakuwepo.”

“Najua ni mjumbe.”

“Utasimama mbele yake useme ni mafuta yake?”

Ciakuthii alijifuta uso. “Wewe umenifundisha nini nyumba hii? Hukuwahi kumdanganya mteja hata kwa nati moja. Mwaka ule ulimrudishia yule mwalimu pesa kwa kazi ambayo mwenyewe hakujua umekosea, tukala ugali kwa chumvi wiki nzima. Nilinung’unika, lakini nilijivuna. Sasa zamu yangu imefika nijifiche? Nitasema.”

Mutegi aliinamisha kichwa. Jambo lililomjia kifuani lilikuwa karibu sana na furaha.

*

Kamati ilikutana Jumamosi katika ofisi ya ghala. Wajumbe walikuwa saba, na Ednah, katibu, aliketi pembeni na daftari la kumbukumbu. Mutegi aliiweka sahani mezani juu ya gazeti. Kabla Ndambiri hajamaliza kufungua kikao, Ciakuthii alisimama.

“Mnanijua,” alisema. “Mafuta yaliyo kwenye hiyo sahani ni ya kidole changu. Mume wangu alikuwa ameenda kumwita Mwenyekiti. Nilifunua, nikapaka, nikafunika. Yeye aliiinua kwa kingo kama anavyofanya siku zote, hakujua. Kama kuna mtu wa kulaumiwa, ni mimi. Kazi yake ilikuwa safi.”

“Mafuta gani, dada?” Mchungaji Lennox aliuliza.

“Yale ya Jumapili, Mchungaji.”

Nje, mtu alikuwa akipima ndengu, na koleo lilisikika likikwaruza sakafu.

“Yale mafuta,” mchungaji alisema polepole, “niliyaombea siku tatu kwa kufunga. Yamepakwa majembe zaidi ya mia mbili. Mniambie, jembe gani limevunjika?”

“Jembe halifanyi kazi kwa kushikana uso kwa uso, Mchungaji,” Mutegi alisema. “Klachi ndiyo kazi yake hiyo tu.”

“Kwa hiyo mafuta ya Bwana yanateleza?”

“Mafuta yote yanateleza.”

Mjumbe mmoja alicheka puani, akajifanya anakohoa. Uso wa mchungaji haukubadilika. Hakuwa mtu mwovu. Aliamini alichokifundisha, na aliona wazi nini kingebaki cha mafundisho hayo iwapo jambo hili lingeandikwa.

“Mimi naona hivi,” alisema. “Upako haujawahi kuharibu kitu kilichotengenezwa vizuri. Kama chombo kilikataa upako, tuulize mkono uliokitengeneza ulikuwa na nini.”

Ndambiri aligonga meza. “Tupumzike dakika kumi. Fundi, njoo nje kidogo.”

Walisimama nyuma ya ghala, karibu na ile pikapu iliyopinduka. Ndambiri alikuwa amerudi kumwita “Fundi”. Mutegi alilitambua hilo, akajichukia kwa kulitambua.

“Sikiliza. Mimi si mjinga. Ile siku nilikuwa na pua. Harufu ya kukaanga niliisikia.”

“Basi andikeni hivyo.”

“Nusu ya wakulima wangu wanakaa kwenye viti vya kanisa lile. Nikiandika kwamba mafuta ya upako yameunguza klachi ya chama, Jumapili ijayo mahubiri ni mimi. Na uchaguzi ni mwezi wa tatu.” Ndambiri alishusha sauti. “Nipe neno moja la kuandika. Grisi. Sema grisi ilizidi, mkono uliteleza kidogo. Kila fundi ana siku yake ya grisi. Kamati itasamehe, Jumatatu nitakuletea zote tatu. Na klachi mpya hii moja nitanunua mimi, sitakulaumu.”

“Mke wangu ameshasema mbele ya watu.”

“Amesema kwa mapenzi. Mke kumtetea mume si kosa, hata Biblia haikatazi. Watasahau kufikia Krismasi.”

“Mimi sikuzidisha grisi.”

“Najua hukuzidisha!” Ndambiri alitoa simu mfukoni, akaitazama. “Namba ya wale wa Embu ninayo hapa. Niwapigie?”

Ingekuwa afueni kueleza kwamba Mutegi alifikiria karo ya bintiye Wanja, au paa linalovuja. Hakufikiria hayo. Aliona pikapu tatu zimepangwa uani mwake, zikitazama barabara, na wale vijana wa bodaboda wakipita mbele yake wakiwa wamepunguza mwendo. Kiburi kilichomzuia kusema uongo kwa miaka ishirini na sita ndicho kilichomshika mkono sasa, kikamrudisha ofisini.

Wajumbe waliketi. Ciakuthii alimtazama mumewe akiingia, akasogea kwenye benchi kumpa nafasi. Mutegi hakuketi.

“Ilikuwa grisi,” alisema. “Katikati, kwenye meno. Niliizidisha.”

Kalamu ya Ednah ilibaki hewani. “Niandike hivyo?”

“Andika.”

“Na maelezo ya mama?”

Hapo Mutegi angeweza bado kurudi nyuma. Sahani ilikuwa mezani, na misalaba minne juu yake, mbele ya macho ya watu tisa. Yeyote angeweza kuisoma. Hakuna aliyeitazama.

“Alikuwa ananitetea,” Mutegi alisema.

Ednah aliandika. Kisha, kwa kuwa ndio utaratibu, aliyasoma kwa sauti yaliyoandikwa: kwamba fundi amekiri kuzidisha grisi kwa uzembe na ameomba radhi, kwamba kamati imempa nafasi ya pili, kwamba maelezo ya mkewe hayakuwa ya kweli. Wajumbe wote saba waliinua mikono.

“Dada Ciakuthii,” Mchungaji Lennox alisema, kwa huruma ambayo haikuwa ya kuigiza, “kumpenda mume ni vizuri. Lakini ulisingizia kitu kitakatifu. Pumzika kidogo kuongoza akina mama. Kaa nyuma, uombewe. Utarudi.”

“Nimesikia, Mchungaji,” Ciakuthii alisema.

Hakulia. Aliinuka, akajifunga leso vizuri kiunoni, akawaaga wajumbe kwa mikono, mmoja mmoja, hadi wa mwisho. Aliyebaki alikuwa mumewe, amesimama penye mlango. Alimpita.

Njiani Mutegi alimfuata hatua kumi nyuma, akaongeza mwendo, akamfikia. “Mama Wanja, ilikuwa ama hivyo ama kazi iende. Umesikia mwenyewe. Ukweli ulikuwa hauna mahali pa kuandikwa.”

“Tembea,” Ciakuthii alisema. “Jua ni kali.”

*

Ndambiri alitimiza ahadi. Jumatatu pikapu tatu zilisimama uani zikitazama barabara, na vijana wa bodaboda walipopita walipunguza mwendo. Mmoja alipiga saluti. Mutegi alifunga klachi mpya ya dukani ambayo haikuhitaji kusuguliwa wala kupimwa, ikapanda Siakago na magunia ishirini bila kelele. Jioni alimweleza mkewe habari hizo. Ciakuthii alijibu “vizuri”, akamwekea chakula, na chakula kilikuwa kitamu kama siku zote. Alipoanza kumweleza tofauti ya klachi mpya na kuukuu, Ciakuthii alikuwa ameshainuka kuosha vyombo.

Jumatano, saa ya maombi ya akina mama, Ciakuthii alibeba debe la mahindi akaenda kusaga. Hakujua kwamba maombi yalikuwa yamesogezwa hadi mchana. Wenzake wengi walikuwa hapo kinuni, kwenye foleni, na mazungumzo yalikatika alipofika. Wambeti, aliyepewa uongozi wa kundi Jumapili, alimsaidia kutua debe. Walikuwa marafiki tangu wakiwa wasichana.

“Pole, Mama Wanja.”

“Nimepoa.”

“Nimekuwa nikitaka kukuuliza, na usinikasirikie.” Wambeti alitazama huku na huku, ingawa foleni nzima ilikuwa ikisikiliza. “Ile siku ulisimama ukasema wazi kabisa, umepaka mafuta, umefunika. Dada yangu, ulikuwa unadanganya kweli? Wewe? Mbele ya Mchungaji?”

Ciakuthii aliondoa punje ya hindi iliyokwama kwenye leso yake. Angeweza kuwaambia. Wanawake wale walimjua tangu siku aliyoolewa. Hakuna hata mmoja ambaye hakuwahi kuomba naye. Neno moja lingetosha, na kufikia jioni lingekuwa limefika uani ambamo pikapu tatu zilikuwa zimesimama.

“Mume wangu amesema ilikuwa grisi,” alisema. “Na nyinyi mnamjua. Mutegi hasemi uongo.”

“Hapana, hasemi,” Wambeti alikubali, na wanawake wote kwenye foleni wakakubali naye.